Kofia Niliyovaa Harusi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu ndiye aliyeona kwanza. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, nimeketi kwenye mkeka kati ya magoti yake, ananisuka, na vidole vyake vikasimama nyuma ya sikio langu la kushoto.

“Abaayo,” akasema. Ndivyo tunavyoitana, dada kwa dada. “Hapa hakuna kitu.”

“Hakuna nini?”

“Nywele. Ni ngozi tu. Inang'aa.”

Akapiga picha kwa simu, akanionyesha. Kiduara kimoja, ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, kimezunguka vizuri kana kwamba kuna mtu aliyekipima. Nilicheka. Nilisema ni joto la Garissa. Kisha nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikasoma kwenye simu kila kitu kilichoandikwa kuhusu viduara vya aina hiyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Nilikuwa nimerudi nyumbani tangu mahafali, mwalimu wa Kiswahili na Historia asiye na shule. Asubuhi nilituma barua za maombi, mchana nilizisoma tena nikitafuta kosa lililowafanya wasijibu. Nilisoma kwamba wasiwasi huangusha nywele. Basi nikaanza kuwa na wasiwasi kuhusu wasiwasi. Viduara vikawa vitatu, vikawa saba, vikakutana. Baada ya miezi miwili nilichukua mkasi nikakata vishungi vilivyobaki, maana vilinifanya nifanane na kuku aliyenyonyolewa nusu kisha mpishi akaitwa nje.

Aliyejua alikuwa mdogo wangu peke yake. Barabarani haikuwa shida. Kwetu mwanamke hutoka amefunikwa tangu utosini, na chini ya hijabu kichwa changu kingeweza kuwa jiwe na asijue mtu. Ndani ya nyumba nilivaa mzula wa sufu, nikadai nina mafua.

“Mafua gani ya wiki tano?” hooyo aliuliza. Hooyo ni mama. Alikuwa akijipepea na kifuniko cha ndoo. “Mimi nayeyuka, wewe unasikia baridi.”

Sikumwambia. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo hooyo aliuza maziwa ya ngamia ili nisome. Siku ya mahafali alilia mpaka watu wakageuka kumtazama. Sasa nimwambie kwamba shahada haijaleta kazi na imeondoka na nywele? Angesema ni jicho la husuda. Angeita watu wanisomee, na watu hao wana wake, na wake hao wana majirani.

Ndipo mdogo wangu akachumbiwa. Mume alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Tarbaj, kule Wajir, mtu mpole, na baada ya harusi wangehamia huko. Siku alipokuja kuniambia hakuzungumzia mahari wala nguo. Alizungumzia ile alasiri ya wanawake, pale bi harusi anapoketishwa mbele ya ndugu wa kike wa mumewe, wageni asiowajua, wakimkagua kwa saa nyingi.

“Utakaa kulia kwangu,” akasema. “Nikikuona hapo sitalia.”

“Na kichwa?”

“Utafikiria kitu. Si ndiyo kazi yako?”

Mtu asiyeishi kwetu hudhani mwanamke anayejifunika hana habari na nywele. Ni kinyume kabisa. Mlango wa wanawake ukishafungwa, majilbabu, yale mavazi mapana ya kutokea, hurundikwa kitandani, na kinachobaki kutazamwa ni nywele. Wasichana ambao hawajaolewa huziachia, zimenyooshwa, zimetiwa mafuta, zinafika kiunoni. Walioolewa hufunga shaash, kile kitambaa chepesi cha hariri ambacho mwanamke hufungwa kichwani na wanawake wenzake siku ya saba ya ndoa yake. Kwa hiyo ukiingia chumbani unajua papo hapo nani ni nani, bila kuuliza. Nywele za bandia hooyo huziita haramu na hataki kuzisikia. Kuketi na hijabu kando ya bi harusi ni kutangaza kwamba unaficha kitu. Niliandika njia zote kwenye daftari, nikazifuta moja baada ya nyingine, ikabaki moja: kofia.

Garissa kuna mwanamke mmoja kutoka Mwingi anayeuza kofia za mitumba pembeni mwa soko. Wateja wake ni walimu, wauguzi na wake za askari, wanaozivaa kanisani Jumapili. Nilipita mbele ya kibanda chake mara nne kabla ya kusimama.

“Binti wa Kisomali,” akasema, “umepotea njia? Viatu ni kule.”

“Natafuta kofia, mama.”

“Ya nani?”

“Yangu.”

Alinitazama kuanzia hijabu mpaka ndala. “Utaivaa juu ya hayo mahema yote?”

Akavuta leso iliyokuwa pazia, tukaingia nyuma kwenye mizigo, nikavua. Sijui kwa nini niliweza mbele yake na si mbele ya mama yangu. Nimewaza sana jambo hilo. Nadhani ni kwa sababu hakuwa na lolote la kupoteza kwangu.

“Haki ya Mungu,” akasema taratibu. Kisha akachukua kofia ya kwanza. “Afadhali. Kofia itakaa bila kubishana na nywele.”

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu.

“Sasa, uso wako ni mrefu kama barua ya maombi ya kazi,” akaendelea, na hakujua alichosema. “Ya kimo hapana, itakuongezea urefu. Wewe unataka ya chini, yenye ukingo. Usitazame kofia, tazama kidevu chako. Kidevu kikipotea, toa.”

Nilijaribu ya ukili, pana, nikaonekana naenda kupalilia vitunguu kando ya Tana. Nilijaribu ya askari, ile ya mviringo isiyo na ukingo, nikaogopa sura yangu mwenyewe. Ilikuwepo moja nyeupe yenye maua ya plastiki na wavu. Mama wa Mwingi alisema hiyo imeshahudhuria mazishi mengi kuliko padri. Kulikuwa na ya manjano niliyoipenda kwa siku mbili nzima, nikaenda nayo nyumbani, kisha nikakumbuka kwamba ukingo wake ungemchoma bi harusi jichoni kila nikigeuka. Nikairudisha. Nikachukua nyingine. Nikairudisha hiyo pia.

“Mwalimu,” akaniambia mara ya tano, “hata mume hachunguzwi hivi.”

Mwishowe ilipatikana chini kabisa ya mzigo, imebonyea kama chapati. Ilikuwa ndogo, ya sufu nzito iliyoshindiliwa, rangi ya zambarau iliyoiva, kichwa chake kifupi na ukingo mwembamba ulioinuka upande mmoja. Nilipoiweka, hata kabla ya kutazama kidevu, nilijua. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini na minne nikivaa rangi ambazo hazimkeri mtu, na sikuwa nimewahi kujua kwamba ninapenda zambarau.

Alinionyesha namna ya kuitengeneza. Unaishika juu ya mvuke wa sufuria mpaka ilainike, unaivuta polepole kwa vidole, kisha unaifunika kwenye sufuria ndogo iliyopinduliwa ikauke na umbo hilo. Ndani nilishonea utepe wa pamba kuzunguka, maana kichwa kisicho na nywele huwa kidogo kuliko unavyokijua, na kofia, baada ya kuvutwa, ilikuwa ikinishukia mpaka puani. Kisha kuinamisha: upande wa kulia vidole viwili juu ya nyusi, upande wa kushoto vitatu. Nilifanya mazoezi chumbani mlango umefungwa. Nilikaa nayo nikisoma. Nilitikisa kichwa, niliinama kama anayepokea chai, niliinuka. Haikuanguka. Kuna mchana mmoja nilijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu bila kuhesabu kasoro.

Ila kulikuwa na alama. Utepe wa zamani wa nje ulikuwa umebanduka na kuacha mstari wa gundi kuzunguka kofia yote. Nilihitaji kitambaa cha kuufunika. Nilimwomba hooyo kipande cha chochote kwenye sanduku lake la nguo kuukuu.

“Chukua,” akasema bila kugeuka, alikuwa akichuja maziwa. “Vyote vimekwisha hivyo.”

Nilichagua shaash yake ya zamani, iliyoraruka katikati, hariri nyekundu ya kahawia na mistari ya manjano pembezoni.

Si kwamba sikuwaza. Watu wakisikia kisa hiki watadhani sikuwaza. Niliwaza siku mbili. Niliwaza kwamba shaash ni kitambaa kinachofunika kichwa, na hiki kingezunguka kofia, kwa hiyo si shaash tena, ni utepe. Niliwaza kwamba nikikikunja mara nne na kukishona mikunjo midogo hakuna atakayeona kilitoka wapi. Niliwaza kwamba hooyo akikitambua atafurahi. Na muda uliobaki wote niliwaza kama manjano yanaoana na zambarau. Msichana yeyote wa sokoni, ambaye hajaingia darasani, angeniambia kwa neno moja nisiguse. Sikumwuliza yeyote, kwa sababu nilitaka mdogo wangu aione siku hiyohiyo.

Aliiona. Alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha dhahabu sebuleni mwa jirani, hina mpaka kwenye viwiko, moshi wa ubani umejaa, wanawake wanapiga ngoma na kupokezana mashairi ya kumsifu. Nilivua jilbabu mlangoni, nikaingia na dirac yangu, lile gauni jepesi la sherehe, na kofia yangu. Akafunika mdomo.

“Wallahi umependeza,” akaninong'oneza nilipoketi. “Unafanana na mtu wa kusoma habari kwenye televisheni.”

Akanishika mkono. Binamu zangu walitazama, wakatazamana, mmoja akauliza nimeinunua wapi. Nadhani ilikuwa nusu saa. Nusu saa hiyo ninayo bado.

Kisha wakaingia wanawake wa Tarbaj, na mbele yao shangazi wa bwana harusi, mama mkubwa wa umbo, anayetembea kama mwenye nyumba. Alimbusu bi harusi, akamsomea dua, kisha akasimama mbele yangu.

“Na huyu?”

“Dada yangu mkubwa, eedo,” mdogo wangu akajibu kwa heshima, kama anayezungumza na shangazi yake mwenyewe.

“Mashallah. Watoto wangapi?”

“Sina,” nikasema.

“Mungu atajalia. Mumeo anafanya kazi gani?”

“Sijaolewa, eedo.”

Aliinama. Alishika mikunjo yangu midogo kwa kidole gumba na cha shahada, akaisugua kama anayepima hariri dukani.

“Hii ni nini?”

“Ni utepe tu.”

“Utepe?” Akawageukia wenzake. “Haya, wenye macho njooni. Hii si shaash? Nimeivaa hii tangu meno yangu yote yalipokuwa kinywani.”

“Ni shaash,” wakasema.

Mmoja nyuma akadakia, “Labda ndio mtindo wa chuo kikuu. Kwanza shaash, mume baadaye.”

Walicheka. Hata binamu zangu walicheka, si kwa ubaya. Ngoma ilikuwa imenyamaza. Shangazi hakucheka.

“Binti ambaye hajaolewa hajiwekei shaash kichwani,” akasema. “Na aliyeolewa haikani. Ama tuambie, ama vua hiyo kofia tuone nywele za binti. Humu hakuna mwanamume.”

Mkono wa mdogo wangu ulikuwa umeloa jasho ndani ya wangu. Nilimsikia akivuta pumzi, nikajua anataka kusema. Angesema ukweli, hajui kusema kitu kingine. Na mimi, ambaye huchukua siku mbili kuchagua utepe, niliona yote kwa mara moja. Ningevua. Kisha macho yao yangetoka kwangu yangehamia kwake, kwenye nywele zake zilizopambwa dhahabu, na wangeanza kujiuliza. Ugonjwa wa ukoo. Na yeye je? Na watoto wake? Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba wakati mwingine huwa katika familia. Nilikuwa nimesoma kila kitu.

“Niliolewa,” nikasema. “Nairobi. Tuliachana.”

Mdogo wangu akaachia mkono wangu. Labda ni mshtuko. Sijamwuliza.

Neno likatembea chumbani kutoka mdomo hadi mdomo: garoob, mwanamke aliyeachwa. Na jingine likalifuata, masaafo, yaani ndoa ya watu wawili wanaosafiri mbali na wazazi wa msichana ndipo sheikh awafungishe. Hawakuhitaji niwaeleze. Walijimalizia wenyewe.

Shangazi alinishika bega, na huruma yake ndiyo iliyoniumiza zaidi. “Pole, mwanangu. Ungesema tu. Si dhambi.” Kisha akasema, vilevile kwa upole, “Lakini hapo inuka. Kando ya bi harusi wakae mabinti.”

Niliinuka. Binamu mwenye nywele za kufika kiunoni akakaa mahali pangu. Nilipogeuka kutafuta mlango nilimwona hooyo amesimama hapo na sinia ya halwa. Sikujua amesimama tangu lini. Sinia ilikuwa imeinama, halwa ikawa inateleza polepole kuelekea ukingoni, wala hakuitazama.

Siku ya saba, wanawake walipomfunga mdogo wangu shaash yake, mimi nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu ambavyo havikuhitajika. Nilisikia vigelegele kupitia ukuta. Alipokuja kuniaga, gari la kuelekea Wajir limewashwa nje, alinikumbatia akaniambia sikioni, “Nitawaambia.”

“Usithubutu.”

“Abaayo, nililia siku nzima.”

“Najua. Nilikusikia.”

Hooyo hakusema nami. Si kwamba alinigombeza. Aliweka chai yangu mahali pake, akaniitikia salamu, basi. Ningeweza kumaliza yote kwa kuvua mzula. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua, na kila asubuhi ilikuwa ngumu zaidi ya jana, maana sasa ilibidi nieleze pia kwa nini sikusema jana. Nilifikiri anawaza kuhusu mwanamume. Nilifikiri anawaza kuhusu ada ya shule, maziwa aliyobeba, na msichana aliyesafiri kwenda kuolewa kwa siri. Barua moja ya kazi ilijibiwa siku hizo. Walisema nafasi imejazwa.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri alipoingia chumbani kwangu. Alikuwa na shaash mpya iliyokunjwa, nyeusi, bado ina harufu ya duka. Kofia ya zambarau ilikuwa juu ya sufuria yake dirishani. Aliitazama kama mtu anayetazama mgeni asiyeaga.

“Umekuwa mwanamke,” akasema. “Vaa kama mwanamke. Hizo kofia waachie wenyewe.”

“Sawa, hooyo.”

“Keti nikufunge. Hukufungwa na mtu.”

Ningesema nitajifunga mwenyewe. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka, na sauti yake kwenye yale maneno ya mwisho ilikuwa imepasuka. Nikaketi kwenye mkeka, mahali palepale nilipokuwa nikisukwa. Akavuta mzula.

Sikumwona, alikuwa nyuma yangu. Niliona tu vivuli vya mikono yake ukutani vimesimama hewani. Kisha kiganja kikashuka, kikavu, kikakaa katikati ya kichwa changu. Alikipitisha nyuma ya masikio, shingoni, akarudi juu, kama anayetafuta kitu alichokiacha hapo.

“Tangu lini?”

“Tangu mahafali.”

“Na yule mwanamume?”

“Hakuna mwanamume, hooyo. Hajawahi kuwepo.”

Nje muuza maji alipita na punda wake, akaita, akaitikiwa na jirani, akaenda. Nilisubiri aseme ni jicho. Nilisubiri alie, au anipige. Nilisubiri aseme twende sasa hivi tukawaambie watu, na nilitaka aseme hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kazi yoyote.

“Wameshafika na habari hiyo Tarbaj,” akasema mwishowe. “Tukiikana watauliza kwa nini tulidanganya. Halafu watataka kuona. Halafu watamtazama mdogo wako.”

“Ndivyo nilivyofikiri.”

“Na ulifikiri vizuri,” akasema, na hapo nikalia, kwa sababu sehemu yangu fulani ilikuwa bado inamsubiri mama aseme nilikosea.

Akakunjua shaash. Aliizungusha mara moja, mara mbili, akaibana kwa kidole, akaanza kufunga fundo nyuma ya shingo.

“Alikuwa mtu wa wapi?” akauliza.

“Nani?”

“Mumeo. Wataniuliza mimi, si wewe.”

“Sijui.”

“Sema wa Isiolo. Huko hatuna jamaa. Dereva wa lori, watu hawamfuatilii dereva.”

“Na tuliachana kwa nini?”

Akavuta fundo mpaka likakaza. “Hilo fikiria wewe.”

Nilijitazama kwenye kioo baada ya hooyo kutoka. Inanikaa vizuri. Sura imekuwa fupi, kidevu kipo, haitelezi nikiinama wala nikiinuka, na haihitaji utepe ndani. Kati ya vyote nilivyojaribu hakuna kilichonikaa hivi. Sokoni wanawake wananisalimia tofauti sasa, wananipisha nikae, wananiita mama fulani kisha wanakumbuka sina mtoto na kubadilisha maneno.

Kofia nilimrudishia mama wa Mwingi. Aliuliza kama ilikaa vizuri. Nikamwambia ilikaa.

Na yule dereva ninamfikiria, kwa kuwa nimeambiwa. Nimempa kimo, nimempa kikohozi cha asubuhi. Nimetafuta kwa nini aliniacha, na sikuhangaika hata kidogo. Sababu ya kwanza ilikuja nikiwa bado mbele ya kioo, na tangu hapo hazijaacha kuja.